Fukusi wa gugu maji: huduma nzuri, ila si dawa ya kupulizia

Anayeomba fukusi kwa ajili ya ghuba iliyofunikwa na gugu maji huwa na haraka. Mitumbwi haitoki mwaloni, nyavu zimeburutwa na magugu, mdomo wa bomba la maji umeziba. Anakabidhiwa beseni lenye vidudu vya rangi ya udongo, vyenye urefu wa milimita nne au tano, anaambiwa awaachie kisha asubiri. Miezi sita baadaye ghuba ni kijani vilevile na lawama zote ni za wadudu. Tathmini hii inawapima fukusi kwa kazi wanayoweza, na inataja waziwazi mahali ambapo kuwaagiza ni kupoteza muda. Mazingira yanayozungumziwa ni Ziwa Victoria, pande zote tatu: Kenya, Tanzania na Uganda.

Unapokea nini hasa

Huduma hii ina spishi mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Zote zinatoka Amerika Kusini, kulekule lilikotoka gugu lenyewe. Katika bonde la mto Amazon gugu maji ni mmea kama mimea mingine ya majini: unaliwa na wadudu, unashambuliwa na kuvu, unasukumana na mimea jirani. Lilipoonekana Ziwa Kyoga mwaka 1988 na Ziwa Victoria mwaka uliofuata, lilikuwa limewaacha maadui wake wote nyuma, na lilikuta maji yaliyojaa mbolea. Viumbe vamizi vingi hufaulu kwa njia hiyo. Nguvu zao za kuzaliana ni zilezile walizokuwa nazo kwao; kilichopungua ni walaji. Fukusi ni adui mmoja aliyerudishwa, na ni vizuri kukumbuka kwamba ni mmoja tu, kwa sababu kwao gugu hili lilikuwa na maadui wengi.

Kabla ya kutia sahihi ya kupokea, chukua kioo cha kukuzia uangalie mgongo. Bruchi huwa na mkanda mpauko wenye umbo la V ukikata mabawa magumu, ingawa kwa wadudu wazee hufutika. Eichhorniae ana madoadoa ya kijivu na kahawia, na michirizi miwili myeusi iliyo katikati ya mgongo ni mirefu kuliko ya mwenzake. Ukikuta beseni zima ni spishi moja, uliza kwa nini. Bruchi huongezeka upesi kwenye mimea iliyoshiba naitrojeni, kama ile ya karibu na Kisumu au kwenye mdomo wa mto Nyando. Eichhorniae huvumilia mimea yenye njaa, majani yakiwa ya manjano. Ghuba moja huwa na hali zote mbili, na mara nyingi hali hubadilika baina ya masika na kiangazi, hivyo mchanganyiko ndio unaofaa.

Wasiwasi wa kwanza wa wakulima ni mahindi. Hawa si fukusi wa ghalani. Neochetina walijaribiwa kwa zaidi ya aina 200 za mimea, na mzunguko wao wa maisha hukamilika kwenye gugu maji peke yake, kwa sababu mabuu wao wanahitaji vikonyo vyenye vyumba vya hewa na mizizi inayoning'inia majini. Tangu walipoanza kuachiwa Florida mwaka 1972 wamepelekwa katika nchi zaidi ya 30. Ziwani Victoria waliachiwa upande wa Uganda Desemba 1995, Kenya Januari 1997 na Tanzania Agosti 1997.

Hofu hiyo ina msingi wake katika ziwa hili, na haistahili kupuuzwa. Sangara naye aliletwa kama suluhisho, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziwa lilikuwa na spishi takriban 500 za furu, samaki wadogo wa asili. Baada ya sangara kushamiri miaka ya 1980, huku maji yakizidi kuchafuka, spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka. Sangara hula chochote kinachoingia kinywani, na hakuna aliyempima kabla ya kumwaga. Fukusi alichunguzwa kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa, na mlo wake ni mmoja. Kwa upande wa usalama, huduma hii inapata alama zote.

Wanavyoua, na kwa nini inachukua muda

Fukusi aliyekomaa hula usiku, akikwangua ngozi ya jani na kuacha makovu ya pembe nne yenye upana wa milimita mbili hadi nne. Mchana hujificha katikati ya mmea, pale vikonyo vinapokutana. Makovu hayo hupunguza nguvu za jani na kufungua mlango kwa kuvu, lakini muuaji mkubwa ni buu. Jike hutaga ndani ya kikonyo. Mayai huanguliwa baada ya siku saba hadi kumi. Buu huchimba kuelekea chini hadi kwenye kitovu cha mmea, anakula machipukizi na kuacha mashimo yanayoingiza maji. Mmea unaanza kuoza kutoka ndani, unashindwa kutoa watoto, unaelea chini zaidi, mwishowe unazama.

Buu akishiba hutoka, hushuka kwenye mizizi na kujifunga kifuko kwa nyuzi za mizizi hai iliyo ndani ya maji. Hatua hii inasahauliwa, nayo ndiyo inayoamua mahali pa kuachia. Gugu lililokwama kwenye tope la kando, mizizi ikiwa ardhini, linaweza kuliwa majani vizuri tu na bado lisizalishe kizazi kipya cha fukusi.

Bruchi anakamilisha mzunguko kwa karibu miezi mitatu, eichhorniae mitatu hadi minne. Gugu maji, likipata joto na virutubisho, hujirudufu ndani ya wiki moja hadi tatu. Pengo hilo ndilo jibu la swali la "mbona wanachelewa". Tuchukue mfano wa tabaka la gugu linaloelea, lenye mimea 50 kwa mita moja ya mraba. Hekta moja ina mimea 500,000. Ili mimea ianze kudhoofika kwa kasi kuliko inavyochipua unahitaji takriban fukusi watano waliokomaa kwa kila mmea, pamoja na mabuu ndani yake. Hiyo ni fukusi milioni 2.5 kwa hekta. Beseni la fukusi 1,000 ni mbegu. Mavuno yake ni vizazi kadhaa mbele. Kwa kawaida matokeo yanayoonekana kwa macho huja baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mtoa huduma anayeahidi miezi sita anadanganya.

Kufuga

Vituo vya utafiti vilivyobeba kazi hii tangu miaka ya 1990 ni Kibos karibu na Kisumu, Kibaha kwa Tanzania na Namulonge kwa Uganda. Lakini ufugaji wenyewe hauhitaji maabara, na vikundi vya wavuvi vimeufanya kando ya ziwa. Sehemu hii ya huduma ni bora kuliko zote, maana inabaki mikononi mwa watu wa mwalo.

Unahitaji hodhi au matangi yenye maji ya kina cha nusu mita hivi, yaliyofunikwa kwa wavu, mahali penye jua. Weka mimea michanga yenye afya, iliyooshwa mizizi. Tia mbolea ya NPK au maji ya samadi iliyochujwa mpaka majani yawe ya kijani iliyokolea. Mmea wenye njaa hutoa fukusi wachache na wadogo. Waingize fukusi wazazi, waache watage kwa siku saba, kisha itoe mimea hiyo na kuihamishia tangi la kukuzia lenye tarehe. Wazazi wape mimea mipya. Kila wiki hivyo hivyo. Tangi la kwanza likifikisha miezi miwili na nusu, anza kukagua.

Kuwakusanya ni rahisi: izamishe mimea chini ya wavu kwa saa chache, fukusi watapanda juu wenyewe kutafuta hewa na utawachota. Kuchambua mmea kwa mkono huua wengi na huchosha.

Kosa linalojirudia ni kurundika. Fukusi wengi kwenye mimea michache hula kitovu chote, mmea unaoza kabla buu hajafika kwenye mizizi, na kizazi kizima kinapotea. Kosa la pili ni kuacha vidukari na utitiri vitawale tangi, kisha mtu anapuliza dawa ya wadudu. Dawa hiyo haichagui. Toa mimea iliyoathirika, osha kwa maji mengi, basi.

La tatu halionekani kwa macho. Fukusi hushikwa na vimelea vidogo vya kundi la maikrosporidia, ambavyo haviwaui papo hapo bali hupunguza utagaji na umri. Ukianzisha kituo kwa wazazi wagonjwa, utazalisha wagonjwa kwa miaka, na utabaki kujiuliza kwa nini idadi haipandi. Kabla ya kupokea wazazi, dai wachache wapasuliwe na kuangaliwa kwa hadubini. Mtoa huduma mzuri atakuwa ameshafanya hivyo bila kuombwa. Asiyejua unaongelea nini, achana naye.

Kuachia

Safirisha alfajiri au jioni, kwenye chombo chenye matundu, majani mabichi na karatasi yenye unyevu. Maji yaliyotuama ndani ya chombo huwazamisha, na jua la saa sita ndani ya gari lililofungwa huwamaliza wote.

Mahali pa kuachia pawe na sifa hizi: tabaka lililotulia kwenye kona iliyokingwa na upepo, maji ya kutosha chini ili mizizi ielee, na uhakika kwamba hakuna atakayevuna au kupuliza dawa hapo kwa angalau mwaka mmoja. Kisiwa cha magugu kinachosukumwa na upepo kutoka upande wa Homa Bay leo hadi Kisumu keshokutwa hakifai kuanzia, kwa sababu hutaweza kukifuatilia wala kukilinda. Ni bora fukusi 2,000 mahali pamoja kuliko 200 sehemu kumi. Wakitawanyika mno, kupandana kunakuwa kwa bahati. Njia yenye mafanikio zaidi ni kuachia mimea mizima kutoka tangini, ikiwa na mayai na mabuu, kwa kuisokomeza katikati ya tabaka. Unaokoa kazi ya kukusanya na unaachia rika zote kwa pamoja.

Kufuatilia ni mara moja kwa mwezi, mimea 20 iliyochukuliwa kwa mstari bila kuchagua. Kwa kila mmea hesabu makovu kwenye jani la pili changa lililofunguka, pima kikonyo kirefu kuliko vyote, hesabu majani hai, kisha fungua kitovu utafute fukusi na mabuu. Idadi moja peke yake haisemi mengi. Mwelekeo wa miezi ndio unaosema. Makovu yanaongezeka, vikonyo vinafupika, majani yanapungua, maua yanaadimika: kazi inaendelea, hata kama ukiwa juu ya kilima ghuba bado ni kijani. Makovu mengi lakini vikonyo havifupiki baada ya mwaka ni dalili kwamba maji yana virutubisho kupita uwezo wa mdudu, na hapo tatizo halimo ndani ya beseni.

Kwa eneo kubwa, picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bila malipo, kila nukta yake ni mita 10, na setilaiti hupita kila baada ya siku tano hivi. Zinaonyesha tabaka lilipo na linakosogea. Haziwezi kutofautisha gugu lenye fukusi na lisilo nao mapema, kwa hiyo mtumbwi bado unahitajika.

Ikilinganishwa na mashine na dawa

Mashine ya kuvuna inashinda kwa jambo moja: hufungua njia leo. Kwenye gati la meli, mdomo wa bomba au mitambo ya umeme kama ilivyokuwa Jinja, Uganda, hakuna mbadala, na kumwambia meneja wa mitambo asubiri fukusi miaka mitatu ni mzaha. Nje ya hapo hesabu inakataa. Hekta 100 zikijirudufu ndani ya siku 15 zinaongeza wastani wa karibu hekta saba kwa siku. Hata ukihesabu tani 200 tu kwa hekta, unatakiwa kutoa zaidi ya tani 1,300 za magugu kila siku ili ubaki palepale ulipoanzia. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito huo ni maji, na yote yanahitaji pa kutupwa. Mashine za kukatakata zilizotumika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mwaka 1999 ziliepuka mzigo huo kwa kuacha vipande vizame, lakini mabaki hayo huoza majini yakila oksijeni na kurudisha virutubisho kwenye maji yaleyale.

Dawa ya kuua magugu kama glifosati huua ndani ya wiki chache. Ziwani Victoria haikuwahi kuwa njia ya kawaida, na kwa ziwa ambalo watu wanakunywa maji yake, wanavua humo, na mataifa matatu yanalishiriki, tahadhari hiyo ni ya haki. Kuna athari nyingine isiyotajwa sana: tabaka likifa lote kwa pamoja, mabuu huzama pamoja nalo. Mbegu za gugu, ambazo huweza kukaa kwenye tope hadi miaka 20, huota kwenye maji yasiyo na fukusi hata mmoja. Umeua gugu na adui wake kwa siku moja, na gugu ndilo lenye akiba.

Mashine nayo hufanya hivyohivyo. Mtu anaachia fukusi Januari, Aprili idara nyingine inaleta mashine na kuvuna kona ileile kwa sababu iko karibu na barabara. Hili ni kosa la uratibu, na huua mradi mzima. Anayetumia njia zote mbili agawe ghuba kwanza, kwenye ramani iliyotiwa sahihi: njia za boti na mabomba ni za mashine, kona zilizokingwa ni za fukusi, na kati yao kubaki kwa makusudi ukanda usioguswa.

Kuvuna kwa mkono kwa ajili ya mboji, vikapu au biogesi kuna faida kwa anayevuna, lakini kiasi kinachotolewa hakiwezi kushindana na kasi ya kuota. Tahadhari moja: usihamishe mimea hai kwenda kwenye bwawa lingine, hata kwa siku moja.

Rekodi yao ziwani

Novemba 1998 Ghuba ya Winam ilikuwa na takriban hekta 17,000 za gugu maji. Mwishoni mwa 1999 sehemu kubwa ilikuwa imetoweka, na upande wa Uganda hali ilikuwa hiyohiyo. Watetezi wa fukusi hulihesabu kama ushindi mtupu. Wapinzani wanasema ni El Niño ya 1997/98, iliyoleta mawingu, mafuriko na mawimbi. Wataalamu wamebishana hadharani kuhusu hili katika majarida ya sayansi. Hukumu yetu ni kwamba kila upande umeshika nusu. Mawimbi yalikuwepo ziwani siku zote na hayakuwahi kulimaliza gugu. Yalilimaliza lilipokuwa limetobolewa vitovu na kupoteza uwezo wa kuelea. Pia bila mawimbi na mwanga hafifu, fukusi wangechukua muda mrefu zaidi.

Kilichofuata ndicho chenye funzo kwa mnunuzi. Gugu lilipopungua, fukusi nao walipungua mno, kwa kuwa hawana chakula kingine. Wadudu hawa wanaweza kuruka kutafuta mmea mwingine, lakini si kwa uhakika wa kuaminika. Vituo vya kufugia vikapoa. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 mito ilishusha virutubisho vingi, mbegu zikaota, na Winam ikafunikwa tena. Mlaji daima huchelewa nyuma ya anayeliwa, na pengo hilo ndilo linalompa gugu nafasi. Kwa hiyo mkataba wa fukusi unaofungwa maji yanapokuwa meupe ni mkataba mbovu. Matangi machache yanayoendelea kuzalisha wakati hakuna gugu la kulalamikia ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika huduma hii, na ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Virutubisho ni jambo la pili. Maji taka ya miji na udongo wa mashamba unaoletwa na Nyando, Sondu-Miriu na Kagera hulilisha gugu kwa kasi ambayo mdudu haifikii. Fukusi hupunguza kasi ya kuota, hawapunguzi fosforasi. Pale ambapo bomba la maji taka linamwaga moja kwa moja ghubani, pesa za fukusi zingefaa zaidi kwenye mabwawa ya kusafishia.

Baada ya gugu kuanguka

Wanaoagiza huwa hawaulizi swali hili. Tabaka linalooza si maji safi. Oksijeni hushuka, samaki waliozingirwa humo wanaweza kufa, kisha mwani hushamiri kwa virutubisho vilivyoachiliwa. Katika sehemu nyingi za ziwa, nyasi ndefu za majini ziitwazo Vossia cuspidata ziliota juu ya magugu yaliyodhoofika mwishoni mwa miaka ya 1990, zikiyatumia kama udongo unaoelea. Nyasi hizo ni za asili ya Afrika na kwa kawaida huisha msingi wake unapozama, lakini kwa wakati huo mtumbwi hauzipiti kama usivyopita kwenye gugu, na fukusi hawazigusi.

Samaki nao hawatendewi sawa. Chini ya tabaka zito sangara hawawezi kukaa, maana wanahitaji oksijeni nyingi. Kamongo na kambale hustahimili, na baadhi ya furu walipata maficho humo. Konokono wanaosambaza kichocho hupenda mizizi ile. Kwa hiyo kuliondoa gugu kunasaidia wavuvi wa sangara na sato, kunapunguza kichocho mwaloni, na wakati huohuo kunaondoa kivuli cha samaki wadogo walioponea humo. Mpango mzuri wa uhifadhi hulinda mafunjo na matete ya asili pembezoni kabla gugu halijaanguka, ili kuwe na maficho mengine. Huduma ya fukusi peke yake haina kipengele hicho. Lazima ukiongeze wewe.

Alama

Usalama kwa mimea mingine: 5 kati ya 5. Gharama kwa muda mrefu: 5, maana wadudu hujizalisha wenyewe na vikundi vinaweza kufuga bila kutegemea mtu wa nje. Kasi: 1. Ghuba iliyokingwa, maji ya kina cha wastani, gugu linaloelea: 4. Mabwawa madogo yanayokauka kila kiangazi: 1, kwa kuwa mizizi hubaki topeni na vifuko havifungwi. Mdomo wa bomba na gati: 0, tumia mashine. Ghuba inayopokea maji taka ghafi: 2, na 2 hizo ni za muda.

Jambo la mwisho kabla ya kuagiza: hakikisha unachokiona ni gugu maji. Salvinia molesta, mmea mwingine vamizi wa asili ya Brazili ambao tayari umo katika maji ya Uganda, hutengeneza tabaka la kijani linalofanana kwa mbali. Ukilishika, majani yake ni madogo, yamejikunja kama kitabu kilichofunguliwa nusu, na juu yana vinywele vigumu vinavyofukuza maji. Halina ua la zambarau wala vikonyo vilivyovimba. Neochetina wakiachiwa humo watakufa njaa ndani ya wiki chache. Adui wa Salvinia ni fukusi mwingine, mdogo zaidi, Cyrtobagous salviniae, aliyetumika Ziwa Naivasha, na huombwa kwa jina lake kamili. Chukua mmea mmoja mzima kwenye mfuko wa maji, uufunge vizuri usimwagike njiani, uupeleke kituoni ukautambulishe kabla ya kujaza fomu.